Kabla ya hita, athi: barua ya wazi kwa wenye nyumba wa Ndia Kuu

Kwa wenye nyumba wa Ndia Kuu na vichochoro vyake, na kwa wasimamizi wanaopokea kodi kwa niaba yao.



Wazee wangu, nawaandikia nikiwa mpangaji wa Mji wa Kale, na ninaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe halihusu nyumba moja. Ni juu ya hita za umeme za kuogea, zile zisizo na tangi, ambazo mafundi wetu huziita instanti. Kila mwaka kusi likishika, mambo huenda vivyo hivyo. Mpangaji hununua instanti huko Digo Road, humwita fundi wa mtaani, na kabla ya magharibi kichwa cha shawa kishafungwa na waya wake kishaungwa kwenye soketi au taa iliyo karibu. Mwenye nyumba hakuulizwa. Akija kujua, ama hunyamaza, ama huandika katika mkataba unaofuata kwamba instanti ni marufuku.

Kunyamaza kunatuweka hatarini, na kukataza pia kunatuweka hatarini. Mashine hii mpangaji anaweza kuinunua kwa pesa zake. Lakini waya uliomo ukutani, athi (ile njia ya kuishusha ardhini stima inayovuja) na maji yaliyomo tangini si vyake. Ni vyenu, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama mtu atatoka chooni salama. Kwa hiyo katika nyumba hizi, kuchagua hita ni kazi ya mwenye nyumba kwanza, mpangaji baadaye. Hilo ndilo nililokuja kuwaomba.

Najua wapo watakaouliza: joto lote hili la Mombasa, maji moto ya nini? Nyumba zetu zilijengwa ziwe baridi. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyoo vingi viko upande wa nyuma ambako jua haligusi. Alfajiri ya mwezi wa Julai, hewa ikishuka karibu na nyuzi 20 na upepo ukipenya kutoka baharini, mzee wa miaka themanini anayetaka kuoga kabla ya sala huyaogopa maji ya tangi, na ana haki ya kuyaogopa. Mwanamke aliyejifungua anahitaji maji moto siku zake zote arubaini, kwa kuoga na kwa kukandwa, hata kama ni Machi na kila mtu jasho linamtiririka. Mwenye maumivu ya viungo anayahitaji mwaka mzima. Ukiwaambia hawa kwamba maji moto ni anasa, umewakosea.

Zamani palikuwa na birika la chooni na kata, na maji moto yalitoka jikoni kwa sufuria. Siku hizi nyumba moja imegawanywa kwa familia nne au tano, jiko liko chini na choo kiko juu, na ngazi zetu ni nyembamba na zimesimama wima. Mtu kupanda ngazi hizo na sufuria la maji yanayochemka, watoto wakishuka mbio, ni hatari ambayo kila familia inaijua. Na pale instanti ilipokatazwa, watu hawakurudi kwenye sufuria. Walinunua koili, ule mzunguko wa chuma unaotumbukizwa ndani ya ndoo na kuchomekwa kwenye soketi. Ndoo iko wazi, waya unalala sakafuni penye maji, na mara nyingi wanaocheza karibu nayo ni watoto. Mwenye nyumba akikataza instanti bila kutoa njia nyingine, aliyoikaribisha ni koili, nayo ni mbaya zaidi.

Sasa niieleze mashine yenyewe, maana nimegundua wengi wanaoikataza na wengi wanaoinunua hawajaelezwa inavyofanya kazi.

Ndani ya kichwa cha shawa kuna chumba kidogo cha plastiki chenye waya wa kupashia moto, yaani elementi. Maji yakifunguliwa, msukumo wake huinua kiwambo cha mpira, kiwambo husukuma swichi, na stima hupita kwenye elementi. Maji hupata moto yakiwa njiani. Ukifunga bomba, kila kitu hukatika. Hakuna tangi la kusubiri lichemke wala joto linalopotea bure usiku kucha. Mashine za aina hii zilikulia Brazili, ambako nyumba nyingi hazijui hita nyingine, na jina la Lorenzetti, kampuni ya São Paulo iliyoanzishwa mwaka 1923, limeshika madukani kwetu kiasi kwamba wengine huita instanti yoyote kwa jina hilo.

Katika aina nyingi za bei nafuu elementi iko uchi. Maji ya kuoga yanagusa moja kwa moja waya wenye stima. Mtu akilisikia hili kwa mara ya kwanza hushtuka, lakini ufundi wake una hoja: maji matamu hupitisha stima kidogo sana, na hicho kidogo kinachovuja hukamatwa na waya wa athi kikashushwa ardhini kabla hakijamfikia anayeoga. Usalama wote umesimama juu ya masharti mawili, maji yasiwe na chumvi nyingi, na athi iwepo na iwe inafanya kazi. Ndia Kuu haina uhakika wa lolote kati ya hayo mawili.

Nianze na maji. Maji ya bomba ya kisiwa hiki hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, ambazo bomba lake lilikamilika mwaka 1957, Marere katika milima ya Shimba, Baricho kando ya mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Kwa instanti, hayo ni maji ya kufaa. Lakini nyote mnajua kwamba bomba hutoa kwa zamu, na siku isiyo zamu yetu tangi hujazwa kwa pampu kutoka kisimani, au kwa mitungi ya mkokoteni ambayo hatujui ilijazwa wapi. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, karibu na bahari. Maji yake yana chumvi na yana chokaa, na kiangazi kikizidi, au majirani wakipiga pampu kwa wingi, chumvi hupanda. Tangi moja hupokea yote hayo. Mpangaji aliye chini ya shawa hana njia ya kujua leo anaoga maji gani.

Wenye viwanda wanalijua tatizo hili. Kiwango cha kimataifa cha hita za papo kwa papo, IEC 60335-2-35, kinataka mashine yenye elementi uchi iandikwe katika maelezo yake ukinzani wa chini wa maji inayoweza kutumia. Tarakimu inayoonekana mara nyingi ni ohmu-sentimita 1300. Maji ya bahari yana kama ohmu-sentimita 20. Maji ya visima vyetu yako mahali fulani katikati, na kadiri yanavyokaribia bahari ndivyo yanavyozidi kupitisha stima. Karatasi yenye tarakimu hiyo imo ndani ya boksi, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza au Kireno, na hutupwa pamoja na boksi.

Ndiyo maana ziko nyumba katika mtaa wetu ambamo bomba la shawa linamrusha mtu. Watu wamelizoea. Huoga na ndara miguuni, hufunga bomba kwa kitambaa kikavu, na mgeni akija huonywa kabla hajaingia chooni. Kati ya yote niliyoyaona, hili la kuzoea ndilo linalonitisha zaidi. Bomba likitetemesha mkono, maana yake stima inavuja na haina njia nyingine ya kushukia ila mwili wa mtu aliyelowa, juu ya saruji iliyolowa. Leo ndara zimemkinga. Siku atakayoingia mtoto peku hatutaweza kusema hatukujua.

Dawa ya upande wa maji ipo, nayo inauzwa hapa hapa Mombasa. Ni instanti yenye elementi iliyofunikwa, waya wake ukiwa ndani ya mrija wa chuma na kutengwa nao kwa unga usiopitisha stima. Madukani ukiomba ya maji ya chumvi ndiyo utakayopewa. Bei yake iko juu kidogo, na ndiyo maana mpangaji anayehesabu shilingi huiacha. Kwa nyumba yoyote ambayo tangi lake linaonja maji ya kisima, hata mara moja kwa mwezi, naona haifai kununua nyingine. Hata hiyo nayo si ya milele. Chumvi hula mrija wake pole pole, na siku utakapotoboka tunarudi pale pale, kwenye athi.

Athi ndiyo kiini cha barua hii, mniwie radhi nikikaa hapo.

Umeme ni mkongwe Mombasa. Jenereta ambayo Sultani Seyyid Barghash aliinunua mwaka 1875 kuangazia kasri lake Unguja ndiyo iliyochukuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa hapa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kwayo ikaanzishwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ya Nairobi ikawa East African Power and Lighting, jina lililodumu hadi 1983 lilipogeuzwa kuwa Kenya Power and Lighting. Fahari hiyo ina upande wake wa pili. Zimo nyumba zetu zilizotiwa stima enzi za kampuni ile ya zamani, na vipande vya waya wa wakati huo vingali ukutani, vikitumika. Ulikuwa waya wa taa, feni na redio. Una njia mbili tu, hauna ya tatu ya athi. Mpira wake umekauka, ukiukunja unakatika. Kwenye ubao wa mbao mna fyuzi za kufunga kwa waya, na fyuzi ikiungua mara mbili tatu, mtu hufunga waya mnene zaidi ili isiungue tena.

Katika nyumba nyingine athi ilikuwepo. Fundi wa zamani aliufunga waya wake kwenye bomba la maji la chuma, na bomba lilipita ardhini, kwa hiyo ilifanya kazi. Kisha mabomba yale yakaliwa na chumvi, nanyi mkayabadilisha kwa ya plastiki, na kwa upande wa maji mlifanya jambo jema. Lakini siku bomba la chuma lilipong'olewa, athi ya nyumba nzima iliondoka nalo. Hakuna aliyetambua, kwa sababu taa ziliendelea kuwaka na friji iliendelea kugandisha. Nyumba inaweza kukaa hivyo miaka ishirini bila dalili, mpaka mtu alete kifaa kinachochanganya maji na stima.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na nikipewa hili moja tu nitashukuru: kila nyumba ipigiwe chuma cha athi upya, na kipimwe kwa mita yake, kisitazamwe kwa macho. Chini yetu ni mwamba. Chuma kikikataa kuingia, fundi mwenye haraka hukikata na kukifukia kilichobaki, na juu ya ardhi kinaonekana sawasawa na kilichoingia chote. Kipimo ndicho kitakachosema kweli. Uani penye unyevu ni pazuri zaidi kuliko kando ya ukuta mkavu, na ikiwa chuma kimoja hakitoshi, viwili vikiungwa pamoja vitasaidia.

Ombi la pili liambatane na la kwanza: RCD katika boksi la brekaa, ile swichi ya kinga ambayo mafundi wengi bado wanaiita ELCB. Kazi yake ni kulinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Tofauti ikifikia miliampea 30, ishara kwamba stima inavujia mahali pengine, hukata kwa muda usiofika theluthi ya sekunde. Fyuzi na brekaa ya kawaida haziwezi kufanya hivyo. Zile huulinda waya usiungue, na mwili wa mtu unauawa na stima ndogo mno isiyoweza hata kuipasha fyuzi moto. Naomba pia mjue kisa kinachotokea mara nyingi. Mtu huweka RCD, kisha instanti yenye elementi uchi, kisha maji ya kisima yakaingia tangini. RCD inakata kila anapooga. Analalamika, fundi anakuja, anaiondoa RCD, na mteja anafurahi. RCD ile ilikuwa inasema kweli kila ilipokata. Kilichopaswa kuondolewa ni ile instanti.

Sasa ukubwa wa mashine, ambao madukani ndio unaotangazwa kuliko kitu kingine. Muuzaji hukuambia hii ni ya wati 5500, hii ni ya 7500, kana kwamba kubwa ndiyo bora. Hesabu ni rahisi, na ningependa kila msimamizi wa nyumba aifanye mwenyewe. Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja huchukua kama kilojuli 4.2. Maji ya tangi la juu ya paa hapa Mombasa huwa nyuzi 27 au 28. Mtu huoga kwa raha kwa nyuzi 38 au 39. Tofauti ni nyuzi 11. Kwa lita 4 kwa dakika, ambazo zinamtosha mtu mzima kujisuuza vizuri, unahitaji kilowati 3 na kitu kidogo. Sasa nendeni Limuru, ambako maji yanaweza kutoka bombani yakiwa na nyuzi 16. Tofauti inafika 22 au 23, na kilowati zinazohitajika zinapita 6. Mashine kubwa ni za huko. Mtu wa Ndia Kuu akiuziwa ya 7500 amenunua joto la bara. Hata Julai, tangi likishuka hadi nyuzi 25, ya wati 3500 inampa lita 3 na nusu kwa dakika za maji ya nyuzi 39. Apunguze bomba kidogo tu, ataoga.

Na kila wati inayozidi hubebwa na waya wenu. Kwa volti 240, mashine ya 3500 huvuta karibu ampea 15, ya 5500 huvuta 23, ya 7500 huvuta 31. Familia mbili zenye 7500 zikioga wakati mmoja zinavuta zaidi ya ampea 60 kabla ya friji na pasi. Waya wa soketi za zamani hauwezi mzigo huo. Hupata moto ndani ya ukuta, na hasa pale palipoungwa kwa kukunja waya na kuzungushia tepu. Dari zetu ni boriti na mbao kavu za miaka mingi. Moto ukianza hapo, vichochoro vyetu gari la zimamoto halipiti.

Kwa ya 3500 nawaomba laini yake yenyewe kutoka boksi la brekaa hadi chooni, waya wa shaba wa milimita za mraba 4, wenye athi ndani yake, bila kuungwa njiani. Wa milimita za mraba 2.5 unaweza kutosha kwa umbali mfupi, lakini nyumba hizi ni ndefu, na tofauti ya bei mtailipa mara moja tu. Swichi yake iwe ile inayokata njia zote mbili, na ikae nje ya mlango wa choo ambako mkono uliolowa haufiki. Someni pia kibati cha volti. Mashine iliyoandikwa wati 5500 kwa volti 220, ikipewa 240 hupanda hadi karibu 6500. Na jioni stima ikinywea hadi volti 200, ya 3500 hushuka hadi kama 2400, mpangaji akadhani imeharibika na kukimbilia kubwa zaidi. Nyumba yenye waya mzuri hupoteza volti chache tu, kwa hiyo hata malalamiko haya mengine mtayapunguza kwa waya.

Juu ya tokeni za stima, ambazo ndizo chanzo cha ugomvi katika nyumba zenye meta moja ya pamoja: ya wati 3500 hula chini ya yuniti 0.6 kwa dakika kumi. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga dakika sita, hutumia yuniti 1.75 kwa siku, yaani kama 52 kwa mwezi. Ya 7500 ikiachwa kwenye kiwango cha juu kwa muda huo huo hufika 112. Tangu bei mpya za mwaka 2023, anayepita yuniti 100 kwa mwezi hulipa bei ya juu kuliko aliye chini yake, na hapo familia imepita kwa kuoga tu. Wekeni meta ndogo ya kila familia baada ya meta kubwa. Ugomvi wa nani amemaliza tokeni utakwisha, nanyi mtaacha kuamua kesi kila Ijumaa.

Msukumo wa maji nitaugusa kwa ufupi. Choo cha ghorofa ya juu kabisa kiko karibu mno na tangi, na maji yasipoteremka kwa mita moja au mbili kiwambo hakiinuki, mashine haiwaki. Inueni tangi, au wekeni pampu ndogo, kabla mpangaji hajaambiwa anunue nyingine. Na kwa kuwa maji yetu ni ya zamu, elementi nyingi huungua siku maji yanaporudi, bomba likiwa limejaa hewa. Kibandikwe chooni kikaratasi kwa Kiswahili: maji yakirudi, acha yapite dakika nzima swichi ikiwa imezimwa.

Kuta. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, na ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iko hapa hapa kati yetu. Wapo miongoni mwenu wanaosema kwamba kwa sababu hiyo haiwezekani kutia waya mpya. Inawezekana. Kisichofaa ni kuchimba ukuta wa matumbawe kwa tindo, kwa sababu plasta ya chokaa hubomoka kwa mapande, na tundu likizibwa kwa saruji unyevu hunaswa ndani na ukuta huanza kuoza. Waya upite juu ya plasta, ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki uliopakwa rangi ya ukuta, upande wa ndani wa nyumba, mbali na milango ya nakshi na roshani. Kazi ya namna hiyo inaweza kung'olewa baada ya miaka thelathini bila kuacha kovu. Anayetaka kugusa zaidi ya hapo aende akaulize ofisini kwanza.

Wapo watakaopendekeza gesi. Hita ya gesi ndani ya choo kisicho na dirisha hutoa moshi usio na harufu unaoua mtu akiwa anaoga, na vyoo vyetu vingi havina dirisha. Naikataa kabisa. Hita ya jua ni jambo jema, na jua tunalo kwa wingi, lakini tangi la lita 200 likijaa maji lina uzito wa kilo 200 na zaidi juu ya paa la boriti. Nyumba yenye sakafu ya zege juu iendelee nalo. Nyingine ziangaliwe na mtu anayejua kupima mzigo kabla ya chochote kupandishwa.

Kuhusu pesa, sitaki kuzungumza kana kwamba ninyi nyote ni matajiri. Najua zimo nyumba za mirathi ambazo kodi yake hugawiwa watu kumi na tano, na zimo za wakfu ambazo uamuzi wake hupitia kwa Makamishna wa Wakf. Mapendekezo yangu ni haya. Athi, RCD, laini na swichi vilipwe na nyumba, kwa sababu vinabaki na nyumba mpangaji akihama. Kichwa cha shawa kilipwe na mpangaji, akifungiwa kile tu kilichoandikwa katika mkataba: wati 3500, elementi iliyofunikwa. Mkataba useme pia kwamba koili haitumiki. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, naye aache karatasi yenye kipimo cha athi, jina lake na nambari ya leseni. Karatasi hiyo ionyeshwe kwa kila mpangaji mpya kama anavyoonyeshwa funguo. Nyumba tano au sita zilizopakana zikimwita fundi mmoja kwa pamoja, gharama ya kila moja itashuka, na mita ya kupimia athi italetwa mara moja.

Sisi wapangaji tuko tayari kuchangia. Katika nyumba yetu tumekubaliana kutanguliza sehemu ya fedha ya laini, ikatwe kidogo kidogo katika kodi ya miezi inayofuata, na nimewasikia majirani wa vichochoro viwili wakisema watafanya hivyo hivyo. Tunachohitaji ni jibu lenu mapema, ili kazi ikamilike kabla ya Juni, watu hawajaanza kwenda madukani. Mwenye nyumba asiyeweza kufanya yote kwa mara moja apige athi na kuweka RCD kwanza, laini zifuate moja moja. Na katika kupanga zamu, aanze na familia yenye mzee au mwanamke anayekaribia kujifungua, kwa kuwa hao hawataweza kungoja.

Wassalaam,
Mpangaji wenu,
Ndia Kuu, Mombasa